Mwenye Nguvu Mpishe: Je, Ndiyo Sharia?

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa zetu suala ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja. Wauliza: ikiwa mtawala ni dhalimu na mla mali ya umma, na wenye kumnasihi hawasikizwi, kisha wakatoka askari wakamwondoa kwa bunduki, je, yafaa Mwislamu kufurahi? Na serikali wanayoisimamisha askari hao, je, ni serikali ya haki ambayo yatupasa kuitii kwa nyoyo zetu?

Suala hili halikuzuka bure. Tangu Kapteni Ibrahim Traoré alipoishika Burkina Faso mwezi wa Septemba 2022, na wanajeshi wa Niger walipomzuia rais wao mwezi wa Julai 2023, sifa za wanajeshi zimejaa katika mabaraza yetu, na wako wasemao wazi kwamba hata huku kwetu dawa ni hiyo hiyo. Hatutawakemea vijana kwa kusema hivyo. Kuchukia dhulma ni katika imani, na mwenye kuona mali ya watu ikiliwa mchana kweupe hana budi kukasirika. Bali tunalotaka kulipima ni hoja ya dini ambayo wengine wameifungamanisha na hasira hiyo. Wasema kwamba mafakihi wetu wa kale walikwisha kupitisha kuwa aliyeshinda kwa upanga hutiiwa, na kwa hivyo mwenye nguvu mpishe.

Ni kweli kwamba al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, aliandika juu ya amiri aliyeinyakua nchi kwa nguvu, akajuzisha khalifa amkubali kwa masharti, ili hukumu za sharia zisije zikabatilika katika nchi hiyo. Ni kweli pia kwamba Ibn Jama'a, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Cairo na akafa mwaka 1333, alikwenda mbele zaidi. Yeye alisema kwamba mwenye kuushika uimamu kwa nguvu hutiiwa, na akitokea mwingine akamshinda huyo, basi wa pili ndiye imamu. Lakini msomaji na atazame Ibn Jama'a alikuwa akiishi wapi na chini ya nani. Watawala wake walikuwa Mamluki, yaani askari walionunuliwa wangali wadogo, wakafunzwa vita, kisha mwaka 1250 wakauchukua ufalme wa Misri kutoka katika nyumba ya mabwana zao. Masultani wao wengi walipata kiti kwa kumwua au kumfunga aliyewatangulia. Kadhi aliyekulia na kuzeeka katika hali hiyo hakusema kwamba upanga ni haki. Alisema kwamba watu kuuana njiani na sokoni, na kukosa hakimu wa kuoza na kurithisha, ni shari kubwa kuliko shari ya sultani aliyejitawaza.

Na aliyeifafanua hoja hii kuliko wote ni Imamu al-Ghazali. Yeye aliishabihisha na nyamafu. Kula nyamafu ni haramu, lakini kufa kwa njaa ni kubaya zaidi, basi mwenye dharura ataila. Huo ndio mfano wake, na tunawaomba vijana wautie akilini, kwani kila tutakalolisema baadaye linatokana nao. Sayyid Rashid Rida, mwenye jarida la al-Manar ambalo fikira zake zilimfikia Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na kupitia kwake zikatufikia sisi, aliurudia mfano huu alipoandika juu ya ukhalifa katika miaka ya 1922 na 1923. Akabainisha kwamba utawala wa mabavu huvumiliwa kwa sababu tu ni afadhali kuliko fujo, na kwamba umma haujuzu kuuridhia wala kuuzoea, bali wapaswa kutafuta njia ya kuuondoa.

Basi hiyo ndiyo nusu ya pili ya hoja, nayo haitajwi barazani. Mwenye kula nyamafu kwa njaa ya jangwani hafungui bucha ya nyamafu afikapo mjini. Suala la kweli, kwa maoni yetu, si kama askari aweza kumwondoa dhalimu, kwani aweza, na mara nyingi amemwondoa. Suala ni kile chakula cha dharura huwafanya nini watu wanaokila miaka sabini.

Na hapa hatuna haja ya kubuni mifano. Iko Misri, nchi ambayo hakuna mji wa Kiislamu katika pwani hii usiokuwa na mtu aliyesoma katika Azhar yake au aliyesomeshwa na aliyesoma huko. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 maofisa waliojiita Maofisa Huru waliuteka mji wa Cairo, na asubuhi Anwar Sadat akausoma ujumbe wao katika redio. Siku tatu baadaye Mfalme Farouk alipanda jahazi lake pale Alexandria akaenda zake. Hakuna aliyemlilia. Redio ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwatukana wakoloni kwa lugha yetu wenyewe, wazee wetu waliisikiliza kwa furaha ambayo hatuoni sababu ya kuwalaumu kwayo. Na twasema kwa insafu kwamba maofisa wale walifanya mambo. Mwezi wa Septemba 1952 waliwawekea wenye mashamba mpaka wa feddan 200, na ardhi iliyozidi wakawagawia wakulima. Askari wa Kiingereza waliondoka Misri mwezi wa Juni 1956 baada ya miaka zaidi ya sabini, na mwezi uliofuata Mfereji wa Suez ukarudishwa mikononi mwa wenyeji. Mwenye kuyakanusha haya hasemi kweli.

Lakini tumtazame mtu mmoja katika kisa hiki, naye ni Abd al-Razzaq al-Sanhuri. Huyu alikuwa bingwa wa sharia asiyekuwa na mfano katika nchi za Kiarabu za karne ile. Mwaka 1926 aliandika kitabu huko Ufaransa juu ya ukhalifa, akatofautisha baina ya ukhalifa sahihi, unaotokana na ridhaa ya umma, na ukhalifa wenye upungufu, unaokubaliwa kwa dharura tu. Baadaye akaitunga sharia ya madai ya Misri, iliyotolewa mwaka 1948. Maofisa walipotwaa nchi, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa Baraza la Dola, yaani mahakama iliyowekwa kumzuia mtawala asivuke mipaka yake. Katiba ya mwaka 1923 ilikuwa yataka bunge liitwe mfalme aondokapo. Maofisa hawakulitaka bunge. Wakaulizwa wanasharia wa Baraza, na al-Sanhuri akiwa miongoni mwao, nao wakatoa rai kwamba haikulazimu kuliita tena bunge lililokwisha kuvunjwa. Mwanasharia Wahid Raafat alipinga, wala hakusikizwa.

Bila ya shaka al-Sanhuri aliona kwamba anakula nyamafu kwa dharura, na kwamba chakula kizuri ki njiani. Mwezi wa Disemba 1952 katiba ikafutwa. Mwezi wa Januari 1953 vyama vyote vikavunjwa, ikasemwa ni kwa muda wa mpito wa miaka mitatu. Mwezi wa Machi 1954, maofisa walipokhitalifiana wenyewe kwa wenyewe na yakatolewa maneno ya kurejesha bunge, al-Sanhuri akajitokeza upande wa katiba. Tarehe 29 ya mwezi huo kundi la watu likaingia katika jengo la Baraza la Dola, likampiga mkuu wa mahakama mpaka akachukuliwa hospitali. Siku zile wachukuzi na wenye magari walikuwa wamegoma, na mitaani kulisikika watu wakipiga kelele dhidi ya uhuru na dhidi ya bunge. Khaled Mohieddin, aliyekuwa mmoja wa maofisa wale wale, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba migomo ile ililipiwa fedha, na aliyemwambia hivyo ni Gamal Abdel Nasser mwenyewe.

Hatukileti kisa hiki ili kumcheka mwanachuoni. Twakileta kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo vitabu vya fikihi havikulieleza vya kutosha. Fakihi atoapo rukhsa ya dharura hudhani kwamba yeye ndiye atakayeamua dharura inapokwisha. Kumbe aliyekwisha kupewa rukhsa akiwa na bunduki mkononi ndiye atakayeamua, na fakihi hana tena cha kumzuilia, maana kile alichokuwa nacho, nacho ni heshima ya sharia, amekwisha kukitoa.

Sasa na tuyatazame yaliyofuata, na khasa yale yanayotuhusu sisi watu wa misikiti na mawakfu. Mwaka 1952 wakfu wa jamaa ulifutwa kwa amri, na mwaka uliofuata wakfu wa kheri ukatiwa chini ya wizara. Mwaka 1955 ilitolewa sharia ya kuzifuta mahakama za makadhi, na tarehe 1 Januari 1956 zikafungwa, baada ya kuwako kwa karne nyingi. Mwaka 1961 ikatoka sharia nambari 103, ambayo iliiongezea Azhar vyuo vya utabibu na uhandisi, na hilo ni jema, lakini ikampa mkuu wa dola uwezo wa kumteua Sheikh wa Azhar, na mambo yakawa hivyo mpaka sharia ilipobadilishwa mwaka 2012.

Huenda mtu akasema kwamba makadhi wale walihitaji kutengenezwa, na mawakfu yalikuwa yameharibiwa na wasimamizi wala rushwa. Ni kweli, na watengenezaji wa Kiislamu wenyewe walikuwa wakilia hivyo tangu zama za Sheikh Muhammad Abduh. Lakini linganisheni namna ya kuamua. Sisi huku Kenya, nchi ambayo Waislamu ni wachache, tulibishaniwa juu ya Mahakama za Kadhi miaka mingi. Tulitukanwa magazetini, tukajibu. Tulishitakiwa, na mwezi wa Mei 2010 Mahakama Kuu ikatoa hukumu dhidi yetu. Kisha tarehe 4 Agosti 2010 watu wa nchi nzima wakapiga kura, na mahakama zetu zikathibiti katika kifungu cha 170 cha Katiba. Mjadala ule ulikuwa mchungu, na wengi wetu tulitamani usiwepo. Lakini Waislamu wa Misri, walio wengi katika nchi yao, waliamka siku moja wakakuta makadhi hawapo, na hapakuwa na bunge la kuuliza wala gazeti la kulalamika, kwani vyama vilikwisha kuvunjwa, na mwaka 1960 magazeti nayo yakatiwa chini ya dola. Nani basi aliyekuwa na heshima zaidi katika jambo lake?

Athari ya mambo haya haikukoma katika sharia. Iliingia katika ndimi. Muhammad Naguib, jenerali aliyekuwa rais wa kwanza wa jamhuri, aliondolewa mwezi wa Novemba 1954 akafungiwa katika nyumba moja nje ya mji mpaka mwaka 1971, na watoto wa shule wakasoma miaka mingi bila ya kujua kwamba aliwahi kuwako. Waimbaji wakubwa waliokuwa wakimwimbia mfalme wakageuka kuwaimbia maofisa. Waandishi wakajifunza kuandika kwa mafumbo, na wengine wakajifunza kutoandika. Mwaka 1969 mahakimu wapatao mia mbili walifukuzwa kwa siku moja. Na hali ya khatari iliyotangazwa katika vita vya mwaka 1967 ikaendelea, isipokuwa kwa muda mfupi baina ya 1980 na 1981, mpaka mwaka 2012. Mtu aliyezaliwa wakati wa vita vile alifika umri wa miaka arobaini na tano, ameoa, ameozesha, naye hajaishi chini ya sharia ya kawaida ila miezi michache. Hiyo ndiyo dharura ambayo mafakihi walisema ipimwe kwa kadiri yake!

Na ikiwa wataka kujua jinsi mazoea haya yalivyozama, basi tazama mambo ya mwaka 2011 na 2013. Umma ulipotoka kumwondoa Hosni Mubarak, naye ni ofisa wa jeshi la anga, kelele iliyopendwa katika uwanja wa Tahrir ilikuwa kwamba jeshi na wananchi ni mkono mmoja. Walipoondokewa na mwanajeshi mmoja walikimbilia baraza la wanajeshi, likashika nchi tarehe 11 Februari 2011. Mwezi wa Juni 2012 wakamchagua Muhammad Mursi, na mpaka leo yeye ni peke yake asiyekuwa mwanajeshi aliyepata urais wa Misri kwa kura. Alikosea mengi, na wako waliomchukia kwa haki na wako waliomchukia kwa batili. Lakini badala ya kungoja uchaguzi mwingine, mamilioni ya watu walimwita jenerali. Tarehe 3 Julai 2013 Jenerali Abdel Fattah el-Sisi akatangaza kumwondoa, na walioketi ubavuni pake siku ile ni pamoja na Sheikh wa Azhar na Papa wa Wakopti. Tarehe 14 Agosti katika uwanja wa Rabaa wakauawa kwa siku moja watu zaidi ya 800, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Mwaka 2019 katiba ikabadilishwa, jeshi likapewa ndani yake kazi ya kuilinda katiba yenyewe, ndiyo kusema mbwa amekabidhiwa si nyumba tu bali na hati ya nyumba.

Twastaajabia jambo moja. Wale waliomwita jenerali mwaka 2013 wengi wao walikuwa ni watu wasomi na wapenda uhuru. Na katika mwaka wa kwanza wa baada ya Mubarak, ndugu waliokuja kuuawa Rabaa nao walikuwa wakitegemea maelewano na majenerali ili wapate uchaguzi wa haraka. Kila kundi lilimwona askari kuwa ni fimbo ya kumpigia mwenziwe. Hayo ndiyo tunayoyaona kuwa ni madhara makubwa ya utawala wa bunduki, makubwa kuliko jela zake. Watu wawili wakikhitalifiana hawajui tena kukaa, kusikizana, kushindwa leo na kungoja kesho. Humtazama aliyesimama mlangoni na silaha. Jirani zao Wasudani wameonja yayo hayo mwaka 1958, na 1969, na 1989, na tena 2021, na tangu tarehe 15 Aprili 2023 wenye silaha wawili waliokuwa washirika wameugeuza mji wa Khartoum kuwa magofu.

Wala hatuna ruhusa ya kuwanyoshea kidole watu wa mbali tukajisahau. Idi Amin alipoipindua serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, wako Waislamu katika Afrika Mashariki waliofurahi kwa sababu moja tu, nayo ni jina lake. Mwaka 1972 alianzisha Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, ikaonekana kwamba dini imepata nguvu. Mwaka huo huo aliwafukuza watu wa asili ya Kihindi, na miongoni mwao walikuwa Waislamu kwa maelfu waliokuwa wakijenga misikiti na madrasa. Alipoanguka mwaka 1979 yeye alikimbia akaenda kuishi Saudia mpaka kufa kwake mwaka 2003. Waliobaki kulipa ni Waislamu maskini wa Ankole, waliouawa mwaka ule kwa kisasi cha mambo ambayo wengi wao hawakuyafanya. Mwenye kufurahia nguvu kwa kuwa ni nguvu ya mwenzake ajiulize hisabu yake italetwa kwa nani.

Vijana watatujibu, na wamekwisha kutujibu: basi mwataka tukae tuibiwe? La. Hatukusema kwamba bunge la wezi ni tukufu kwa kuwa limepigiwa kura. Kura zaweza kununuliwa, na sisi wa pwani twaijua bei yake, kwani wako miongoni mwetu waliopokea shilingi mia mbili na kanga, kisha wakalalamika miaka mitano. Lakini mwenye kuibiwa kwa kura ameibiwa kitu anachojua kuwa ni chake, na aweza kukidai. Mwenye kupewa haki yake na askari amepewa sadaka, na mpewa sadaka hana daawa. Sayyidna Abu Bakr alipopewa baia aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyoshe akipotoka. Angeingia kwa upanga, nani angethubutu kumnyosha?

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Kufurahi kwa kuanguka dhalimu si haramu, kwani moyo hauzuiliki. Ama kumpa baia ya moyo yule aliyemwangusha, kwa sababu tu amemwangusha, hakuna katika vitabu vyetu dalili ya kuijuzisha. Hutiiwa katika amani ya njia na soko na haki za watu, na huku aambiwe kila siku, na kila Ijumaa ambapo maimamu wanaweza, kwamba aliko si mahali pake na kwamba muda unahisabiwa. Na mwanachuoni asiyeweza kusema hivyo, basi angalau asikae ubavuni pake.

Tumalizie na la nyumbani. Tunajua misikiti katika miji yetu ambayo kamati zake hazikuchaguliwa na mtu. Walikuja watu wenye sauti na mali, wakati wa mzozo, wakasema wanaokoa jahazi kwa muda tu, nasi tukawashukuru kwa kuwa ugomvi umekwisha. Miaka kumi na mitano imepita, hapajasomwa hisabu ya kodi ya maduka ya wakfu, na mwenye kuuliza huambiwa analeta fitna. Tumekubaliana katika halka yetu kwamba, kuanzia Muharram ijayo, hisabu ya fedha zetu, ingawa ni chache, itabandikwa ukutani kila mwezi penye mlango wa darsa, na mshika fedha atachaguliwa upya kila mwaka kwa mikono iliyo wazi. Vijana waliotuletea suala hili ndio tuliowaomba wawe wakaguzi wa kwanza, nao wamekubali.